Kutoka Würzburg hadi Ngomeni: kufuata kioo cha eksirei

Ukishuka kwenye stesheni ya treni ya Würzburg, mji wa mvinyo kusini mwa Ujerumani, mwendo mfupi wa miguu unakufikisha barabara ya Röntgenring. Hapo lipo jengo la zamani la chuo kikuu ambamo, jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aliona karatasi iliyopakwa kemikali ikimeremeta gizani, ilhali mrija wa umeme aliokuwa akiuchunguza ulikuwa umefunikwa gubigubi kwa karatasi nyeusi. Maabara yake imehifadhiwa, na wageni hukaribishwa. Niliingia na skafu yangu imefika masikioni, nikapita taratibu mbele ya vyombo vile vya mbao, shaba na kioo.

Kilichonipeleka pale ni jambo moja aliloliandika. Katika taarifa yake ya kwanza, aliyoikabidhi tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, Röntgen alisema kwamba mionzi hii mipya haikusanyiki kwa lenzi. Alijaribu kuipinda kwa prizimu, ikakataa. Alijaribu kuona kama inaruka kutoka kwenye metali jinsi mwanga unavyoruka kutoka kwenye kioo, asipate mruko wowote wa kueleweka. Kwa vipimo vya siku zile alikuwa sahihi, na hata leo picha ya eksirei unayopigwa hospitalini ni kivuli cha mifupa yako tu: mionzi inapita, inazuiwa hapa, inapenya pale, wala hapana kioo kinachoikusanya.

Sasa fikiria darubini. Kazi yake ya kwanza, kabla ya kukuza chochote, ni kukusanya. Kama eksirei haikusanyiki, basi hapana darubini ya eksirei, na nusu ya visa vikubwa vya mbinguni vinatupita: gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, nyota za nyutroni, mashimo meusi yakimeza majirani zao. Nami nimekulia Malindi, ambako kila mtoto anajua kwamba kule Ngomeni kuna majukwaa ya chuma baharini na madishi makubwa ufukweni. Wachache wanajua kwamba madishi hayo hupokea data za darubini za eksirei zinazopita juu ya vichwa vyetu. Vioo vyenyewe hutengenezwa Ulaya na Marekani. Nilitaka kuona vinakozaliwa na, zaidi ya hapo, vinakopimwa.

Hadithi ya Malindi ilianza kabla ya vioo. Hewa ya dunia huizuia eksirei ya nyota isitufikie, na hiyo ni heri yetu, lakini inamlazimu mwanafalaki apande juu ya hewa. Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka White Sands, New Mexico, na katika dakika chache ilizokaa juu iligundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge. Kisha tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya eksirei ya mbinguni peke yake ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Lakini Uhuru haikuwa na kioo hata kimoja. Ilichungulia kupitia vijidirisha vya metali, upande mmoja ukiona upana wa nusu digrii ya anga na upande wa pili digrii 5, na ikahesabu mionzi iliyopita. Iliweza kusema kwamba kuna kitu kinawaka pale. Umbo la kitu hicho haikuweza kuliona.

Suluhisho lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mapema katika miaka ya 1920 Arthur Compton alionyesha kwamba eksirei huakisiwa endapo itaukuta uso laini wa metali kwa pembe ndogo mno, ikiuparaza tu. Ikija wima, inazama ndani ya metali na kupotea. Mwaka 1952 Hans Wolter, mwanafizikia wa Kiel, aliyekuwa akiwaza hadubini na si darubini, alichora namna ya kuunganisha nyuso mbili: ya mbele yenye umbo la parabola na ya nyuma yenye umbo la haipabola. Mwonzi unaparaza ya kwanza, unaparaza ya pili, kisha unaelekea fokasi. Uso mmoja peke yake ungetoa picha kali katikati tu na kuvuruga kila kilichopo pembeni. Mwaka 1960 Giacconi na Bruno Rossi wakapendekeza kioo cha kuparaza mionzi kielekezwe mbinguni.

Kwa hiyo kioo cha eksirei hakifanani na kioo chochote ulichowahi kujitazama. Ni bomba fupi lililo wazi pande zote mbili, na uso wa kazi uko ndani. Ukikitazama kutoka mbele, kinachokamata mionzi ni ukingo mwembamba tu, maana uso wenyewe umelala karibu sambamba na mionzi. Katika satelaiti ya Ulaya ya XMM-Newton pembe hizo hazifiki hata digrii moja. Ndogo kabisa ni zaidi kidogo ya robo ya digrii. Kioo kimoja hukusanya kidogo sana. Ndipo mafundi wakafanya wanachofanya wauza sufuria wa sokoni: wakapanga kubwa nje, ndogo ndani, na ndogo zaidi ndani ya hiyo, zote zikishiriki kitovu kimoja. XMM-Newton ina darubini tatu, kila moja ikiwa na vioo 58 vilivyopangwa hivyo, na vile vya ndani kabisa vina ukuta wa nusu milimita hivi.

Kutoka Würzburg nilipanda treni hadi München, kisha treni ya chini ya ardhi, mstari wa U3, hadi mwisho wa njia Fürstenried West, na kutoka hapo basi la kwenda Neuried. Ni kitongoji kimya chenye nyumba za paa jekundu na bustani zilizofunikwa theluji. Huwezi kudhani kwamba hapa ndipo palipopimwa vioo vya darubini kadhaa kubwa za eksirei duniani. Mahali penyewe panaitwa PANTER, ni mali ya Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Anga-Nje iliyoko Garching, upande wa pili wa jiji.

PANTER ni bomba. Lina kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 120 hivi, nalo linaishia kwenye chumba cha chuma chenye urefu wa mita 12 na kipenyo cha mita 3.5, ambamo lori dogo lingeingia bila taabu. Mwisho wa mbali kuna chanzo cha eksirei: elektroni hugonga kipande cha metali, na kila metali hujibu kwa eksirei ya nishati yake. Alumini hutoa eksirei laini ya kiloelektrovolti 1.5, shaba hutoa kali zaidi ya kiloelektrovolti 8. Mwisho wa huku, ndani ya chumba, hukaa kioo kinachopimwa na nyuma yake kigunduzi. Hewa yote hutolewa kwanza, kwa sababu eksirei laini humezwa na hewa kabla haijafika popote.

Mhandisi aliyenitembeza alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nilipouliza kwa nini bomba liwe refu hivyo, alisimama, akavua miwani, akaanza kueleza kwa mikono. Nyota iko mbali kiasi kwamba mionzi yake hutufikia ikiwa sambamba. Chanzo kilicho mita 120 hutoa mionzi inayotawanyika, hata kama ni kidogo. Matokeo yake fokasi husogea nyuma. Kioo chenye urefu wa fokasi wa mita 7.5, kama cha XMM-Newton, hapa hutoa picha yake kwenye mita 8. Baya zaidi, sehemu ya mionzi iliyoparaza uso wa kwanza huukosa uso wa pili kabisa. Kwa hiyo namba inayosomwa kwenye kigunduzi haiwezi kuchukuliwa ilivyo. Lazima ihesabiwe upya, ukitoa kosa la bomba ili ubaki na tabia ya kioo. Wamarekani walitumia bomba refu zaidi kule Huntsville, Alabama, lenye zaidi ya mita 500, walipopima vioo vya darubini yao ya Chandra mwaka 1996 na 1997, lakini hata hilo halimalizi tatizo, linalipunguza tu.

Yapo mambo matatu ambayo wapimaji wa Neuried wanayatafuta. La kwanza ni ukali wa picha: ukimulika nukta moja, nusu ya nishati iliyokusanywa inaangukia ndani ya duara la upana gani? La pili ni kiasi ambacho kioo kinakusanya kweli kwa kila nishati, maana dhahabu inayopakwa uso wa kioo huakisi vizuri eksirei laini, lakini huanza kushindwa eksirei inapokuwa kali. La tatu, ambalo ndilo lililonishika zaidi, ni mionzi inayotawanywa na ukwaruzo. Mawimbi ya eksirei ni mafupi sana, kiasi kwamba kijinundu cha nanomita 1 kwenye uso wa kioo ni kilima. Vioo hivi husuguliwa hadi ukwaruzo uliobaki uwe chini ya nusu nanomita, yaani kimo cha atomu chache tu. Kisha alama moja ya kidole, utando wa mafuta usioonekana, au vumbi la nguo, huharibu kazi ya miaka. Nilivaa vazi jeupe, kofia, barakoa na viatu vya kitambaa kabla ya kuruhusiwa kukaribia mlango wa chumba kisicho na vumbi, na bado nilionyeshwa mstari sakafuni ambao sikutakiwa kuuvuka.

Hapa ndipo palipopimwa vioo vya satelaiti ya ROSAT, vilivyotengenezwa kwa kauri-glasi na kampuni ya Carl Zeiss chini ya mradi wa Joachim Trümper na Bernd Aschenbach. ROSAT ilirushwa tarehe 1 Juni 1990 na kutuachia ramani ya anga yenye vyanzo zaidi ya 100,000. Hapa ndipo palipopimwa darubini saba za eROSITA, kila moja ikiwa na vioo 54, zilizoruka kutoka Baikonur Julai 2019. Nilimwuliza mhandisi anajuaje kioo kizuri akikiona. Alinijibu kwamba kwa macho hajui. Kioo kizuri na kibovu vyote hung'aa sawasawa mbele ya taa. Kinachovitofautisha ni faili la vipimo, na yeye asingekubali kupandisha kwenye roketi kioo kisicho na faili, hata kingekuwa kimetengenezwa na nani.

Jibu hilo nilitembea nalo hadi Italia. Sisi hupenda kusifu utengenezaji: nani amechonga, nani amerusha. Baada ya Neuried naamini kwamba katika kazi hii upimaji ndio utengenezaji wenyewe. Fundi husugua, hupima, husugua tena palipoinuka, hupima tena. Hawezi kusugua kosa ambalo hajalipima.

Treni ya kuvuka milima ya Alps kupitia Brenner ni nzuri kuliko maneno, na sitajaribu. Kutoka Milano nilichukua treni ya Lecco hadi Cernusco-Merate, katika eneo la Brianza, nchi ya mafundi wa samani ambako kila kijiji kina karakana. Merate kuna tawi la kituo cha uangalizi wa nyota cha Brera, na hapo Oberto Citterio na wenzake ndipo walipokuza mbinu iliyowezesha vioo vyembamba vitengenezwe kwa wingi. Mbinu yenyewe ni ya kustaajabisha. Huchongi kioo. Unachonga kalibu, yaani mche mzito wa alumini uliopakwa nikeli, na kuusugua nje hadi ufikie ulaini ule wa chini ya nusu nanomita. Unaupaka dhahabu nyembamba sana. Kisha unautumbukiza kwenye bafu la kemikali na kupitisha umeme, na nikeli inajijenga juu ya dhahabu, kidogo kidogo, hadi ganda lifikie unene unaotakiwa. Mwisho unaupoza mche. Alumini husinyaa kuliko nikeli, kwa hiyo mche unajitenga na ganda linachomoka, likiwa limebeba dhahabu upande wa ndani pamoja na ulaini wote wa mche. Mche unasafishwa na kutumika tena. Hivi ndivyo vilivyotengenezwa vioo vya XMM-Newton katika kiwanda cha Media Lario, Bosisio Parini, mji mdogo kando ya ziwa Pusiano uliobeba jina la mshairi Giuseppe Parini, mzaliwa wa hapo.

Kila njia ina gharama yake. Chandra ya Marekani ilichagua vioo vinene vya kauri-glasi vilivyopakwa iridiamu, jozi 4 tu, na ikapata ukali wa nusu sekunde ya tao. Ukikumbuka kwamba nusu digrii ina sekunde 1,800 za tao, huo ni ukali mara 3,600 kuliko upana wa kijidirisha chembamba cha Uhuru, na umepatikana chini ya miaka 30 baadaye. XMM-Newton ilikubali picha yenye ukungu zaidi, sekunde 15 hivi, ili ikusanye mionzi mingi zaidi. XRISM ya Japani na NASA, iliyorushwa Septemba 2023, ina maganda 203 ya alumini nyembamba, mepesi sana, na picha yake ina ukungu zaidi, kwa sababu kazi yake ni kupima nishati, wala haihitaji kuona kila undani. Ukitaka ukali lazima ukuta uwe mnene usijipinde. Ukitaka wingi lazima ukuta uwe mwembamba ili vingi viingie. Roketi haibebi vyote viwili. Sasa Shirika la Anga la Ulaya linaandaa NewAthena, ambayo vioo vyake ni bapa za silikoni za aina itumikayo kutengeneza chipu za kompyuta, zilizochongwa mifereji, zikapindwa na kubandikwa moja juu ya nyingine bila gundi. Vipande vyake navyo hupelekwa kupimwa kwenye lile bomba la Neuried.

Hata kipimo kizuri hakifichui kila kitu. Chandra ilipofika angani mwaka 1999, vioo vyake, pamoja na kukusanya eksirei, vilikusanya pia protoni za mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia na kuzielekeza kwenye kamera. Katika wiki chache baadhi ya vigunduzi vikadhurika. Wahandisi wakapata dawa: kila mara satelaiti hiyo inapovuka mkanda huo, kamera huondolewa kwenye fokasi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha uzuri wa watu hawa. Walipima kilichoharibika, wakajua sababu, na darubini ikaendelea kufanya kazi kwa zaidi ya robo karne.

Merate nilisimuliwa pia kisa cha kioo kilichongoja. Katika miaka ya 1980 na 1990 Uingereza na Italia zilitengeneza darubini iliyoitwa JET-X, ipande satelaiti ya Kirusi. Vioo vilitengenezwa Italia kwa njia ya mche na nikeli, maganda 12 kwa kila kimoja, vikapimwa Neuried mwaka 1996. Satelaiti ile haikuruka. Palikuwa na kioo cha akiba, nacho kikabaki na faili lake la vipimo. NASA ilipoichagua Swift, satelaiti ya kuwinda milipuko ya miale ya gama, kioo hicho cha akiba kilitolewa, kikapimwa tena Neuried mwaka 2000, kikakutwa hakijapoteza ukali wake, na tarehe 20 Novemba 2004 kikapaa. Aprili 2009 Swift ilinasa mlipuko wa nyota ambao mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka takribani bilioni 13. Kama faili lile la 1996 lisingekuwepo, nani angethubutu kukiamini kioo kilichokaa stoo?

Tahadhari za haraka za Swift hupitia satelaiti nyingine, lakini mzigo wake mkubwa wa data huteremshwa Malindi. NuSTAR, iliyorushwa Juni 2012 ikiwa na maganda 133 ya glasi katika kila darubini, nayo huteremsha data Malindi. Vivyo hivyo IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, yenye darubini tatu za vioo 24 kila moja, vilivyotengenezwa Huntsville. IXPE huizunguka dunia karibu juu ya ikweta kabisa, kwa hiyo hupita juu yetu kila mzunguko, mara 15 hivi kwa siku.

Niliporudi nilikwenda Ngomeni. Njia ni ya Mambrui, kisha Gongoni penye mashamba ya chumvi, halafu unaingia kulia kuelekea baharini. Pwani nilimkuta mzee akishona jarife lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwuliza kama anazikumbuka roketi. Alizikumbuka vizuri, mngurumo na moshi wake. Ya mwisho iliruka kutoka San Marco mwaka 1988. Kisha akaniuliza: "Na hayo madishi, mwanangu, yanasikiliza nini?" Nilikaa chini nikamweleza habari za vioo, mionzi inayoparaza, na bomba la Neuried. Alisikiliza hadi mwisho na kuuliza swali ambalo wengi hawaliulizi: vijana wetu wanafundishwa wapi kazi hiyo?

Kwa sasa jibu langu ni kwamba hawajafundishwa vya kutosha, na hapana sababu ya kungoja kiwanda. Upimaji wa vioo unaanzia mbali na dhahabu na ombwe. Vipande viwili vya glasi ya duara, unga wa kusagia kati yake, na saa nyingi za mkono hutoa kioo cha darubini ya kawaida. Mwaka 1858 Léon Foucault alionyesha kwamba taa ndogo na makali ya kisu vinatosha kufichua kasoro za uso wake zisizozidi sehemu ndogo ya wimbi la mwanga. Kijana aliyesaga kioo chake, akakipima kwa wembe, akaona pale palipoinuka na kurudi kusaga, ameshaijua kazi ya Merate na Neuried.

Basi walimu wa fizikia kuanzia Lunga Lunga hadi Kiunga, anzeni muhula ujao na kioo kimoja kwa kila shule. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa wafungue karakana ya kupima nyuso, hata ikiwa ndogo. Na wenye dhamana ya kituo cha Ngomeni, upande wa Kenya na upande wa Italia, wawaalike wanafunzi hao waje na vioo vyao na madaftari yao ya vipimo, wakae na wahandisi wakati satelaiti inapopita juu.